Mpishi Amefukiwa

Baba yangu alikuwa hakimu wa mashairi katika mtaa wetu wa Mkomani, mjini Amu, yaani Lamu. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Alijipa mwenyewe baada ya kutoa utenzi mmoja mrefu wa mawaidha juu ya ugonjwa na mauti, ambao watu waliupenda hata ukawa unasomwa kila penye matanga. Tangu hapo, mtu akitunga beti zake alizileta kwetu alasiri, baada ya sala, na baba alizipokea akiwa amekaa kwenye daka, lile baraza la mawe lililo mbele ya mlango mkubwa wa nyumba. Mimi nilikaa nyuma ya mlango wa ndani nikisikiliza.

Namkumbuka fundi mmoja wa kuchonga milango. Alileta shairi la kumsifu mkewe aliyekuwa mjamzito, ameliandika kwa wino mweusi kwenye karatasi safi. Baba alilisoma lote kimya, kisha akaweka kidole kwenye kipande kimoja.

"Bwana, hapa pana mizani mingapi?"

"Minane," akasema fundi.

"Hebu hesabu."

Fundi akahesabu kwa vidole mbele ya watu. Akafika saba. Baba akamwambia ahesabu tena, akafika saba. Akamwambia ahesabu kwa sauti kubwa, maana mzee mmoja pale pembeni hakusikia vizuri.

"Na mlango ukiupunguza upana wa kidole kimoja, hufunga?"

"Haufungi."

"Basi umeniletea mlango usiofunga. Mpelekee mkeo, huenda yeye amezoea upepo."

Watu wakacheka sana. Fundi naye alicheka, akakunja karatasi yake ikawa ndogo, ikawa ndogo zaidi, akaitia kwenye kofia. Hakupita tena mbele ya nyumba yetu. Alizunguka kwa ndia ya nyuma na shoka lake begani, jua kali, na mimi nilimwona kutoka dirisha la juu nikafurahi. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, na nilidhani hivyo ndivyo elimu ilivyo.

Baba hakuwa na mwana wa kiume, kwa hiyo alinifundisha mimi. Alinifundisha kupima mizani kwa sikio badala ya vidole. Alinifundisha kutofautisha kina cha kazi na kina cha bure: kina cha bure ni kile unachokiokota mwishoni mwa kitenzi, kwa kuwa kila kitenzi kinacho, kama mtu anayepamba nyumba kwa mawe ya pwani. Alinionyesha jinsi mtunzi anavyojulikana kwa mazoea yake, hata akificha jina. "Mtu hubadili kanzu," alisema, "hawezi kubadili mwendo." Nilipokosea alininyima chakula cha usiku, akala mbele yangu huku akiniuliza maswali. Nilipopatia hakusema neno.

Mama yangu alikufa nilipokuwa na miaka saba. Alilala kitandani miezi mingi katika chumba cha ndani kabisa, na baba alihamia juu kwa sababu hakuweza, alivyosema, kulala penye harufu ya dawa. Aliyemwuguza mama ni mwanamke mzee aliyemlea tangu utotoni. Alizaliwa mtumwa wa ukoo wa mama. Waingereza walipofuta utumwa, wengi waliziacha nyumba kubwa za mjini, lakini yeye alibaki jikoni kwetu. Watu walisema ni mapenzi. Yeye aliniambia kwamba hakuwa na pa kwenda.

Baada ya kukaa muda mrefu bila mke, baba alioa mwanamke wa Siu, katika kisiwa cha Pate. Alikuwa mpole wa sauti, mwenye mikono mikubwa ya kusuka mikeka, na kichwani alikuwa na tungo nyingi kuliko nilizopata kuona kwenye karatasi. Kwao wanawake walizipokea kwa mdomo, mama kwa binti. Kuandika hakujua. Nilimwita mama baada ya mwezi mmoja, na hakuna aliyenilazimisha.

Asubuhi alisuka, nami nilikaa karibu yake na karatasi zangu. Yeye ndiye aliyenifundisha pindu, yaani kulichukua neno linalofunga ubeti na kulifanya mlango wa ubeti unaofuata. Pale mtaani kwetu hakuna aliyefanya hivyo katika utenzi. Alisema ni sawa na kusuka: ukanda ukiisha, huuachi ukining'inia, unaanzia hapo hapo mwingine. Na alipenda mifano ya jikoni. Alisema shairi ni kama kawa, kile kifuniko cha ukindu tunachofunikia chakula. Mjinga husifu ususi wake, mwenye njaa hufunua.

Siku moja alinipa shairi lake. Lilikuwa la kuomba mtoto. Mimba mbili zilikuwa zimemharibikia, ya pili mwezi ule ule, na jambo hilo tulilijua mimi, yeye na yule mzee wa jikoni tu, mbali na baba. Niliandika alivyosema, kwa hati yangu nzuri kabisa. Kisha, bila kumwuliza, nikampelekea baba. Nilitaka aione hati yangu.

Alasiri ile baba alilisoma kwenye daka mbele ya watu saba au wanane. Hakuficha kwamba ni la mkewe.

"Sikilizeni mwanamke wa Siu anavyomwomba Mola," alisema. "Anamwomba kama anayenunua samaki."

Alilipasua kipande kwa kipande. Alipofika mahali anapotaja tumbo lake, akauliza wale wanaume kama neno hilo lina mizani miwili au limekaa tupu. Walicheka. Mama yangu wa kambo alikuwa amesimama nami nyuma ya mlango. Alinitazama mara moja, akaenda kuendelea na mkeka wake. Hakunigombeza. Kwa kuwa hakunigombeza, niliamua kwamba halikuwa jambo kubwa.

Haukupita muda, kukawa na harusi katika nyumba moja ya jirani. Wanawake walipokusanyika kuimba na kugonga pembe, ukazuka wimbo mpya. Mwimbaji hakuwa mtunzi, hilo kila mtu alilijua. Alipewa na mtu, na mtu huyo hakutajwa. Beti zilikuwa tatu:

Kuta zang'aa chokaa,
zidaka zombo zajaa,
na bwana daka hukaa
akipima ya wendani.

Wendani huwatukua,
tungo zao kutatua;
kawa yake kifunua,
ni tupu yake sahani.

Sahani ilosifiwa,
mpishi amefukiwa,
na jinale limetiwa
pamwe naye mtangani.

Wanawake walishangilia hata wengine wakatoa machozi. Kila mmoja alimjua bwana wa kwenye daka. Waliniangalia mimi, binti yake, nikajifanya natafuta kiatu. Kabla ya Ijumaa ile kufika, wachukuzi wa maji walikuwa wakiziimba kisimani.

Baba aliniita juu. Sijapata kumwona vile. Midomo yake ilikuwa mikavu na alikuwa akishika ndevu zake kama anayezuia zisianguke.

"Umezisikia?"

"Nimezisikia, baba."

"Ni za nani?"

Nilijua tangu ubeti wa pili. Ningeweza kusema siyui, na dunia isingenidai kitu. Lakini alikuwa ameniuliza mimi. Katika miaka yote ile ya kunipima, ilikuwa mara ya kwanza aniulize jambo ambalo yeye hakulijua. Niliona fahari kubwa.

"Tazama, baba," nikasema. "Ubeti wa kwanza unafungwa na wendani, wa pili unafunguliwa na wendani. Wa pili unafungwa na sahani, wa tatu unafunguliwa na sahani. Hiyo ni pindu. Hapa mtaani hakuna anayetia pindu kwenye utenzi. Kisha kuna kawa na sahani, mifano ya jikoni. Tena ubeti wa tatu vina vyake ni vya bure, vitenzi vitupu, sifiwa, fukiwa, tiwa. Ni mtu anayetunga kwa mdomo, hana karatasi ya kurekebishia."

"Nani?"

"Mama."

Akadhani nimemtaja mama yangu aliyekufa. Rangi ilimtoka usoni kabisa. Nilipoona hivyo nikamwambia haraka, "Mama wa Siu." Hapo akapumua. Nilikumbuka baadaye jinsi alivyopumua, lakini siku ile sikuuliza. Alinishika kichwa kwa mkono wake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasema, "Umesoma vizuri."

Kesho yake, saa tatu ya asubuhi, alimwita mkewe mbele ya mashahidi wawili akamwacha. Talaka tatu kwa kinywa kimoja. Hata eda hakumpa nafasi akae nyumbani, ingawa mmoja wa mashahidi alijaribu kumkumbusha haki yake. Kasha lake lilipakiwa kwenye punda. Mkeka aliokuwa akiusuka ulikuwa bado haujaisha, akaukunja hivyo hivyo na kanda zake zikining'inia.

Alinikuta kwenye ngazi.

"Ni wewe uliyemwambia?"

"Aliniuliza."

"Ulimwambia na maana yake?"

"Maana gani?"

Akanitazama kama mtu aliyemkabidhi mwenzake taa, akagundua kwamba mwenzake ni kipofu. "Basi hukusoma kitu," akasema, akashuka.

Yangeishia hapo ningekuwa na kitubio kidogo. Lakini watu waliendelea kuimba, na baba akataka jibu. Aliniambia nilitunge mimi, kwa kuwa nilijua mwendo wake. Nikatunga beti nne. Sitaziandika hapa. Niliifuata pindu yake ile ile, ukanda kwa ukanda, na katika ubeti wa tatu nikatia siri ya mimba zake mbili, nikamfananisha na mti unaopukutisha maua, wala hautoi tunda. Ilikuwa kazi safi. Vina vyote vya kazi. Baba alibadili neno moja tu. Wanawake waliziimba kwenye harusi iliyofuata, na jahazi lililokwenda Pate na Siu lilizibeba pamoja na chumvi.

Miezi ikapita. Mwaka ule niliugua homa, wakanilaza katika chumba cha ndani, kwenye kitanda alichofia mama. Mchana mmoja, homa imepungua, nilikuwa chali nikiangalia dari. Kati ya boriti za mikoko zilizopakwa rangi nyekundu, mojawapo ilikuwa imepasuka, na ufa wake ulipinda kama herufi ya dali. Ukisimama chumbani huuoni, kwa kuwa ukingo wa zidaka, vile vishubaka vya ukutani, umeuziba. Huonekana kwa aliyelala tu, kichwa chake kikiwa upande wa ukuta.

Katika ule utenzi wa baba uliompa jina, mgonjwa amelala akiangalia boriti, akaona moja imepasuka mfano wa dali, akasema hiyo ni dali ya dunia inayomuaga. Watu walikuwa wakilia kwenye ubeti huo. Nami nilikuwa nimeuchambua mara nyingi mbele ya baba, nikamweleza ufundi wa herufi.

Nililala pale nikaanza kuusoma utenzi wote upya, kimoyomoyo. Wakati huu sikuhesabu mizani. Niliuliza: nani aliyeyaona haya? Nani aliyejua uzito wa blanketi kwenye vidole vya miguu? Nani alisikia mtoto akisoma Kurani chumba cha pili na kukosea aya, asiwe na nguvu ya kumsahihisha? Mtoto huyo nilikuwa mimi. Baba alikuwa juu, mbali na harufu ya dawa.

Na lilikuwapo jambo jingine, ambalo kila mtu aliliona na kulisifu. Utenzi ule haukuwa na tamati. Desturi ya watunzi ni kujitaja katika beti za mwisho: mimi fulani, wa mji fulani, niombeeni. Wa baba ulikatika ghafla. Walimwengu walisema ni unyenyekevu.

Nikaukumbuka ubeti wa tatu. Sifiwa, fukiwa, tiwa. Nilikuwa nimeviita vina vya bure. Sasa nikaona kwamba vitenzi vyote vitatu havimtaji mtendaji. Amefukiwa, na nani? Jina limetiwa mtangani, na nani? Aliyetunga hakushindwa kupata vina. Aliacha nafasi wazi mahali pa mtu mmoja, na baba aliiona nafasi hiyo mara moja, kwa kuwa alikuwa ndani yake.

Nikamwita yule mzee wa jikoni. Alikuja akifuta mikono.

"Utenzi wa mauti aliutunga mama?"

"Naam, mwana. Alikuwa akinisomea mimi, na akipata nguvu akiandika. Na hapa ndani nilimwambia yule wa Siu, nikamsomea hata zile beti za mwisho alizojitaja."

"Mimi mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Kila siku ulikuwa ukihisabu mizani."

"Karatasi zake ziko wapi?"

Akakaa ukingoni mwa kitanda. "Bwana alizinakili, kisha akazileta jikoni. Nilikataa kuzitia motoni. Akazitia mwenyewe. Moto ulikuwa mdogo, wewe ukaja ukapuliza. Ulikuwa mtoto. Ulifurahia ndimi za moto."

Sikukumbuka. Mpaka leo sikumbuki, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Nilipopata nguvu za kusimama nilipanda juu kwa baba. Nilimwambia ninalolijua. Nilidhani atakana, au atanipiga. Aliendelea kuchonga kalamu yake ya unyasi.

"Alikuwa mke wangu," akasema. "Nilimlisha, nikamvika, nikamzika. Cha mke ni cha nani?"

"Alijitaja mwishoni, baba. Umezikata beti zake."

"Zilikuwa dhaifu."

"Zilisemaje?"

Akatabasamu kidogo. "Hakimu ni wewe sasa? Basi tunga zako uzitie." Kisha akauliza kama nimeandika jambo hili popote. Nikasema sijaandika. "Vizuri," akasema. "Msichana anayesoma sana hukosa mume."

Kabla ya mwezi kuisha alinioza kwa mtu wa Faza, mwenye mashamba ya minazi, asiyejua kusoma na asiyependa kuona karatasi ndani ya nyumba. Hakuwa mbaya. Alilala mapema, akaamka mapema. Yule mzee wa jikoni alikufa katika mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, kabla sijapata kumwomba anisomee, na habari ilinifikia baada ya siku arubaini. Hapo nikatambua kwamba duniani amebaki mtu mmoja tu mwenye beti za mwisho za mama yangu.

Kutoka Faza hadi Siu si mbali. Lakini miaka mitatu ilipita kabla sijaithubutu ndia ile. Mwanangu wa kwanza alikuwa ameanza kutembea, nikamwacha kwa mavyaa nikasema naenda kununua mikeka.

Nilimkuta uani, amezungukwa na wasichana anaowafundisha Kurani. Alikuwa amekonda na mikono yake ilionekana mikubwa zaidi. Hakuolewa tena. Nilipata kusikia sababu yake njiani kutoka kwa mwanamke aliyenionyesha nyumba: wanaume watatu walikuja kuposa, na wote watatu walikuwa wameusikia wimbo wa mti usiotoa tunda.

Aliwaruhusu wasichana watoke. Alinipa maji. Nikapiga magoti, nikashika miguu yake, nikasema yote niliyokuja nayo. Aliniacha nimalize.

"Zile beti zako nne," akasema, "nazijua kwa moyo."

Akazisema zote, polepole, akisimama vizuri mwisho wa kila kipande. Alipofika ule wa tatu sauti yake haikutetemeka.

"Nimetafuta kosa miaka yote hii," akasema. "Mizani imetimia. Vina vimetimia. Pindu imeshikana. Nilikufundisha vizuri mno."

"Nisamehe, mama."

"Ya Mungu na wewe ni ya Mungu na wewe."

"Nimekuja kuomba beti za mama yangu. Zile za mwisho. Najua unazo."

"Ninazo. Ni tano. Na ndani yake umo wewe, kwa jina lako."

Nikalia kama sijapata kulia. Nikamwambia nitampa chochote. Nikamwambia aniruhusu nizisikie tu, sitaandika. Alichukua ukindu akaanza kuuchambua, unyuzi kwa unyuzi, akitupa mbovu pembeni.

"Ukizisikia utazipima," akasema. "Utasema hapa mizani saba, hapa kina cha bure. Hutaweza kujizuia. Yeye alizisema akiwa anakufa, hakuwa na pumzi ya kurekebisha. Sitampeleka kwenye daka mara ya pili."

"Sitazipima. Naapa."

"Hata mimi ulikuwa ukinipenda," akasema. "Njoo siku nyingine ukitaka mikeka. Beti, hapana."

Akawaita wasichana wake warudi. Nilikaa kidogo nikitumaini, kisha nikaona kwamba wananitazama, nikaondoka. Alikufa kwa ndui mwaka ambao mashua zilileta habari za vita vya Wazungu. Wanafunzi wake niliwauliza mmoja mmoja. Hakumfundisha yeyote.

Baba alikufa baada yake, mwenye heshima zake zote. Nilivuka kwenda Amu kwa matanga. Nyumba ilijaa, wanawake ndani, wanaume nje mpaka ndiani. Siku ya tatu wakataka usomwe utenzi wake, na kwa kuwa mimi ni bintiye na msomaji, wanawake wakaniomba niuongoze. Kulikuwa na wanawake wengi mle ndani, na ningeweza kusema jambo moja tu, la maneno matatu. Nilifungua kinywa nikaanza kusoma. Sauti yangu ilikuwa nzuri siku ile. Kwenye ubeti wa boriti walilia, nami nikangoja walie, kisha nikaendelea, nikafika pale alipoukata, nikanyamaza.

Mama mmoja mzee akafuta macho na ncha ya mtandio wake. "Hata jina lake hakulitia, maskini," akasema. "Unyenyekevu ulioje."

"Ndivyo alivyokuwa," nikasema, na nikaomba niletewe kahawa.